Tumbo la Karani Grégoire

Mume wangu Grégoire alikuwa karani wa kampuni ya pamba, Kasongo, kwa miaka tisa. Katika miaka hiyo hakupiga kwa mashini barua hata moja iliyorudishwa kwa kosa. Nalitanguliza hilo kwa sababu baadaye waliandika kwenye karatasi yake kwamba ni mvivu. Niliiona karatasi ile kwa macho yangu. Mvivu! Mtu aliyekuwa anaamka kabla ya adhana ya alfajiri, naye ni Mkristo, kwa sababu tumbo lake lilihitaji muda mrefu wa kutulia kabla kengele ya kazi haijalia!

Hadithi hii ni ya tumbo. Wenye haya wazibe masikio. Mimi haya zangu zilikwisha Jumamosi moja ya mwaka 1953, mbele ya Wazungu watatu, na mpaka leo hazijarudi.

Tumbo lilimwanza mwaka wa kuhara damu. Watu wengi wa mtaa wetu walilazwa mwaka ule, naye akiwemo. Alipewa sindano, damu ikakatika, akarudi nyumbani mwembamba lakini mzima. Tulishukuru Mungu. Kumbe tumbo lenyewe halikurudi. Wiki moja lilifunga kabisa: siku nne hapati choo, amevimba kama ngoma, mkanda haufungiki. Wiki inayofuata lilifunguka, na likifunguka halikupiga hodi. Lilimsokota chini ya kitovu, jasho likamtoka usoni, na kutoka hapo alikuwa na nafasi ya kuhesabu mpaka mia, haizidi. Akishakwenda chooni maumivu yanashuka, anakuwa mtu tena, anacheka na binti yetu Louise kana kwamba hakuna kilichotokea. Kesho yake yale yale.

Mama yake alikuja kutoka Nyangwe na mizizi ya kuchemsha. Mjomba wake alisema kuna mwenye wivu na kiti chake cha ukarani aliyemtupia kitu. Tulikunywa mizizi, tukasali, tukanyamazia habari za mjomba. Tumbo likaendelea na kazi yake.

Hospitalini alikuwepo munganga mweusi, yaani tabibu, Placide, kijana mpole aliyesomea Stanleyville. Mara tatu Placide aliangalia choo cha mume wangu kwenye mikroskopi, na mara tatu hakukuta minyoo wala mdudu mwingine yeyote. Daktari Mzungu alipita, hakumgusa tumbo, hakumwuliza hata swali. Alisoma karatasi ya Placide akiwa amesimama, akaandika chini yake kwamba mgonjwa hana kitu, anafaa kwa kazi.

Jioni Placide alipita nyumbani kwetu, akakaa barazani.

"Yaya Grégoire," alisema, maana kwetu yaya ni kaka mkubwa, "kama sisi hatuone kitu, si kusema kitu hakiko. Mimi naona mutu anaumwa. Lakini sina ruhusa ya kuandika yale ninayoona mimi."

Aliyetusaidia ni jirani yetu Mwamvita, mwanamke mtu mzima wa mtaa wa Waislamu, muuza vitumbua. Aliniona kila alfajiri nikipeleka maji ya moto nyuma ya nyumba. Siku moja aliniita kwenye ua.

"Mama Louise, bwana wako tumbo inamufunga na kumufungua, sivyo?"

Nilitaka kukana. Akanikatiza.

"Usinifiche, mutoto wangu. Mimi ninayo tangu nilipoolewa. Nimezaa watoto sita nayo. Haiue, lakini ikikuona hauijue, inakutawala."

Alinifundisha kama mama anavyomfundisha binti yake kupika. Wali laini ndio rafiki. Maharage ni adui, hata yakiwa machache. Sombe, majani ya mihogo, ichemshwe mpaka ilainike kabisa, na mawese yatiwe kwa kijiko, yasimwagwe. Asile chakula kingi mara moja; ale kidogo, mara nyingi. Tangawizi ya moto asubuhi. Kanga iliyopashwa moto ifungwe tumboni likianza kusokota. Na likifunga, papai bivu na maji mengi, na kutembea.

"Tena bwana wako anajua kuandika," alisema. "Aandike kila kitu anachokula, na siku tumbo inapomuchafukia. Mimi niliweka yote kichwani, ikanichukua miaka kumi. Yeye atajua mbele ya mvua kuanza."

Basi Grégoire akaanzisha daftari. Upande mmoja aliandika alichokula, upande wa pili aliandika hali ya tumbo: kimya, linanguruma, limekasirika. Baada ya miezi miwili tulikaa tukalisoma pamoja, tukaanza kuona njia. Maharage, kweli. Kitunguu kibichi. Maziwa ya kopo. Kahawa ya biro, yaani ya ofisini, kabla ya kula. Tuliviacha vyote, na nusu ya siku mbaya zikaondoka.

Nusu nyingine ilibaki. Grégoire alipitisha kidole kwenye kurasa zile, akakisimamisha.

"Angalia siku hizi," alisema. "Tarehe saba mpaka kumi na mbili. Kimya, kimya, kimya. Siku hizo nilikula hata pilipili."

"Kulikuwa na nini?"

"Alikuwa Kabambare kukagua pamba."

Hakuhitaji kutaja jina. Alikuwa anasema juu ya Bwana Dakika.

Bwana Dakika ndiye aliyekuwa mkubwa wa biro. Jina lake la kwao siliweki hapa. Wafanyakazi walimpa lile kwa sababu ya saa yake ya mkononi. Aliitazama ukisalimia, aliitazama ukikohoa. Hakuwa mtu wa kupiga. Ningependa kusema alipiga, maana mtu anayekupiga kila mtu anamwelewa. Yeye alihesabu tu.

Sasa sikilizeni jinsi biro ile ilivyojengwa. Nyuma yake, hatua kumi tu kutoka mlangoni, kulikuwa na choo cha matofali chenye mlango wa kijani na kufuli. Kilitumiwa na watu wawili: Bwana Dakika na msaidizi wake Mzungu. Makarani na wafanyakazi wengine wote walikuwa na choo cha shimo nyuma ya kiwanda cha kuchambua pamba. Ili kufika huko unapita ghala, unapita uwanja wa mizani ambapo wakulima wanapanga foleni na vikapu vyao, unazunguka kiwanda. Grégoire alizihesabu hatua zile: mia tatu na arobaini. Mimi nimewaambia alikuwa na nafasi ya kuhesabu mpaka mia.

Kwa miaka mingi aliweza hivyo hivyo, kwa ujanja, kwa kufunga kula, kwa kukimbia bila kuonekana anakimbia. Bwana Dakika alipofika akaona karani wake wa kwanza anatoka mara nne kwa siku. Aliomba karatasi ya hospitali. Akasoma: hana kitu, anafaa kwa kazi. Wiki ile ile akatengenezesha ubao.

Ulikuwa ubao wa sanduku, upana wake kama sahani ya kulia, umeandikwa kwa rangi nyeusi CABINETS, yaani choo kwa Kifaransa, na kamba ya kuvaa shingoni. Karani anayetaka kwenda chooni aombe, avae ubao, aende na kurudi. Mara mbili kwa siku, basi. Kusudi, alisema, ni kapita, msimamizi wa wafanyakazi, ajue nani yuko nje kwa sababu gani.

Mume wangu alivaa ubao ule. Alipita nao mbele ya wakulima. Watu wale walitoka vijijini kwa miguu, pamba kichwani, pamba waliyolazimishwa kulima, na walimheshimu Grégoire kwa sababu ndiye aliyeandika majina yao bila kuyavuruga. "Jambo, Karani," walikuwa wanamwambia, na kofia mkononi. Siku ya kwanza ya ubao vijana wachache walicheka. Siku ya tatu hakuna aliyecheka. Walitazama chini mpaka apite. Aliniambia kwamba afadhali wangecheka.

Karani wa pili, Fidèle, aliyekuwa na tumbo la chuma, naye alivaa ubao alipobanwa. Lakini Fidèle aliweza kungoja mpaka kengele. Ubao ule ulikuwa wa mtu mmoja, na kila mtu alijua.

Halafu ikaja Jumatatu ya ripoti. Bwana Dakika alikuwa anasoma kwa sauti, Grégoire anapiga mashini, ripoti ya mavuno ya kupelekwa kwa wakubwa wa kampuni. Asubuhi ile alikuwa ameshatoka mara mbili. Kabla ya saa sita tumbo likamsokota.

"Bwana, naomba ruhusa."

Bwana Dakika aliinua kidole, akaendelea kusoma.

"Bwana, tafadhali. Siwezi kungoja."

"Mara zako mbili zimekwisha. Maliza ukurasa."

Grégoire alimaliza ukurasa. Fidèle, aliyekuwa meza ya pili, alituapia kwamba ukurasa ule hauna kosa hata moja. Kisha Grégoire akasimama, na kusimama kule ndiko kulikomponza. Bwana Dakika alitazama sakafu, akafungua dirisha, akasema neno moja la Kifaransa ambalo mume wangu alikataa kunitafsiria. Akamwambia atoke, arudi akiwa mtu.

Hakupita uwanjani. Alifunga koti lake kiunoni, akazunguka kwa njia ya mashamba ya mihogo. Mimi nilitoka sokoni nikamkuta nyuma ya nyumba amechuchumaa mbele ya beseni, anafua suruali. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumwona anafua.

"Baba Louise?"

"Usiulize."

"Siulizi. Leta nifue mimi."

"Niache. Ni yangu."

Nilichuchumaa upande wa pili, nikashika mguu mmoja wa suruali, yeye akashika mwingine. Tukafua. Maji yalipokuwa safi ndipo aliponieleza, macho yake yako kwenye beseni, sauti kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Nilitaka kwenda biro saa ile ile na mchi wa kutwangia. Alinishika mkono. Alisema tukumbuke karte.

Miaka ile serikali ilikuwa inatoa karte, yaani kadi, kwa weusi iliowaona wamestaarabika. Mwenye karte hakuchapwa fimbo. Grégoire alikuwa ameiomba kwa ajili ya Louise, akiamini mtoto wa mwenye karte atafunguliwa shule ambazo wengine hawafunguliwi. Komisio, yaani tume ya serikali, ilikuwa ije kukagua nyumba yetu Jumamosi ya wiki ile. Nikanyamaza kwa ajili ya Louise.

Ningebaki nimenyamaza kama isingekuwa Alhamisi.

Mimi nilijifunza kushona kwa masista, na kila Alhamisi nilikwenda nyumbani kwa Bwana Dakika kumshonea mke wake. Madamu hakuwa mtu mbaya. Alinipa kiti. Alhamisi ile nilimkuta amelala kwenye kochi, chupa ya maji ya moto tumboni, uso umepauka.

"Emilienne," alisema kwa Kiswahili chake cha jikoni, "leo mimi hapana muzuri. Tumbo yangu tena."

"Pole, Madamu. Tumbo inafanya nini?"

Akanieleza. Enyi watu, alinieleza tumbo la mume wangu! Siku nne limefunga. Siku tatu limefunguka. Kusokota chini ya kitovu, kisha kutulia, kisha kuanza tena. Kwenye meza ndogo palikuwa na kopo la unga mweupe wa dawa, na karatasi iliyoandikwa vyakula: wali ndiyo, maharage hapana, kabichi hapana, maziwa hapana.

"Munganga ameangalia, hapana mududu," alisema. "Hapana kidonda. Anasema matumbo yangu inakasirika bure. Ni ugonjwa ya kweli, iko na jina. Anasema mimi hapana kusumbuka, hapana kuogopa, mutu asinipigie kelele. Mwezi ya kuja mimi naenda Ulaya kupumuzika."

"Munganga gani, Madamu?"

"Wetu. Ule wa hospitali."

Yule yule. Yule aliyeandika kwamba mume wangu hana kitu.

Sindano ilinichoma kidole, damu ikatia doa kwenye gauni lake. Niliinuka kutafuta maji, na katika kutafuta maji niliona kitu kingine. Ukuta wa chumba chao cha kulala ulikuwa umetobolewa, umewekwa mlango mpya, saruji bado ina unyevu.

"Huu mulango ni ya nini, Madamu?"

"Ah! Bwana yangu ametengeneza. Mbele mimi nilizunguka kwa korido kwenda kabine. Sasa nafungua tu, niko ndani. Bwana yangu iko na roho muzuri."

Hatua zilikuwa mbili. Nilizipima kwa macho. Yule mtu alijua. Hilo ndilo lililonichoma kuliko sindano. Siku zote nilidhani hajui, nilidhani anaamini kweli Grégoire anajisingizia. Kumbe nyumbani kwake anakaa na tumbo lile lile, anaamka nalo, amelitobolea ukuta. Na asubuhi anakwenda biro kumvisha mwenzake ubao.

Nilimweleza Grégoire yote jioni. Alisikiliza, mkono tumboni.

"Usiseme neno Jumamosi," alisema mwishoni. "Nakuomba, Mama Louise."

Sikumwahidi.

Jumamosi walikuja watatu: Mzungu wa serikali, padri mmoja, na Bwana Dakika, kwa kuwa ndiye mwajiri. Niliwapa viti. Walitazama meza, vijiko, uma. Walinyanyua shuka ya kitanda chetu kuona kama chini yake kuna godoro au mkeka. Mzungu wa serikali aliniuliza kama ninakula mezani pamoja na mume wangu au jikoni na watoto. Nilijibu. Grégoire alisimama wima ndani ya koti lake, na mimi peke yangu nilijua kwamba tangu jana jioni hajala kitu ili tumbo lisimwaibishe.

Kisha wakaomba kuona choo.

Choo chetu kilikuwa safi. Grégoire alikisakafia mwenyewe, akakitengenezea kifuniko cha mbao, na kila siku alimwaga majivu. Bwana Dakika alivuta mlango bila kubisha hodi, akainua kifuniko kwa fimbo yake, akachungulia. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Safi sana," aliwaambia wenzake. "Andikeni. Safi kuliko vyote tulivyoviona."

Hapo ndipo haya zangu zilipokwisha.

"Bwana," nilisema, "choo yetu umeiona?"

Aligeuka kana kwamba kifuniko ndicho kilichosema.

"Umefungua mulango yangu na fimbo, umeangalia shimo yangu mpaka chini. Vizuri. Sasa mimi nakuuliza mbele ya Padri: choo yako ya biro, ile ya mulango ya kijani, mume wangu ameishika hata kitasa?"

"Emilienne," alisema Grégoire polepole.

"Hatua kumi," nilisema. "Na yeye anatembea mia tatu na makumi ine, na ubao kwa shingo kama mbuzi ya kuuzwa!"

"Ubao gani?" aliuliza Mzungu wa serikali.

"Ubao ameandika CABINETS. Mara mbili kwa siku, hata mutu akufe. Jumatatu alimukatalia ruhusa mara mbili, mutu muzima, baba ya mutoto, mpaka akachafuka mbele ya wenzake. Tuliifua ile suruali hapa, mimi na yeye, hapa pahali munasimama."

Padri alitazama viatu vyake. Bwana Dakika alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alisema mume wangu ni mvivu anayejificha chooni, na hospitali imeandika kwamba hana kitu.

"Madamu yako pia hana kitu!" nilisema. Sauti yangu ilipanda, na majirani walikuwa wamekwisha kujaa kwenye ua, Mwamvita mbele yao. "Mikroskopi haikuona kitu kwake pia. Lakini yeye munganga anamupa jina ya ugonjwa. Yeye anapewa Ulaya, anapewa unga ya dawa, umemutobolea ukuta asitembee! Tumbo ni moja, Bwana. Nieleze tofauti. Mimi ni mwanamuke sikusoma sana, nieleze."

Bwana Dakika aliitazama saa yake. Naapa, aliitazama saa!

Nilimgeukia Grégoire, nikiogopa kwa mara ya kwanza siku ile. Nilikuwa nimeivunja karte yake kama mtu anavyovunja yai. Alikuwa amefumba macho. Akayafumbua, akasema kwa Kifaransa chake kizuri, kila neno mahali pake, kwamba yote aliyosema mke wake ni kweli, na kwamba angekuwa amesema mwenyewe zamani kama asingekuwa mwoga.

Wakaondoka bila kunywa chai.

Karte hatukupata. Barua ilisema tabia ya mke haijakomaa. Madamu alimtuma mpishi wake kuniletea mkasi wangu, umefungwa kwenye kitambaa safi, bila salamu. Jumatatu Grégoire alikwenda kazini kama kawaida. Tumbo lilipomsokota alisimama, akauacha ubao mezani, akatembea kwenda chooni na shingo tupu. Aliporudi Bwana Dakika alikuwa mlangoni, akamwambia kazi yake imekwisha. Ndipo walipomwandikia ile karatasi: mvivu, mtovu wa utii. Miaka tisa!

Mchana ule Fidèle alibanwa. Bwana Dakika alimwonyesha ubao. Fidèle alitikisa kichwa, akatoka bila huo. Kapita aliulizwa kwa nini hakumzuia, akasema hakumwona, na kapita yule alikuwa na macho ya mwewe. Wote wawili hawangeweza kufukuzwa kabla ya msimu wa kununua pamba. Tena yule Mzungu wa serikali, sijui kwa dhamiri au kwa kupenda makaratasi, aliandika kuuliza habari za ubao. Haukuonekana tena. Kabla ya mvua walichimba choo kipya nyuma ya ghala, hatua ishirini kutoka biro, kwa ajili ya makarani. Fidèle alikuja kutuambia, akicheka, na Grégoire alicheka naye. Mimi sikucheka. Hatua ishirini! Kumbe ilikuwa kazi ya watu wanne na siku mbili. Kwa kitu cha siku mbili waliacha mtu aaibike miaka, na hakuna aliyekuja mlangoni kwetu kusema pole.

Tulikaa miezi mitano bila kazi, tukiishi kwa mashine yangu ya kushonea na wali wa Mwamvita. Jambo la ajabu ni kwamba katika miezi ile ya shida tumbo lake lilikuwa zuri kuliko lilivyokuwa kwa miaka. Halikupona, lisidhaniwe lilipona. Lilikasirika akila ovyo, lilikasirika mtoto akiugua. Lakini alilijua, na mimi nililijua, na hakuna aliyelihesabia dakika.

Halafu tukasikia kwamba baraza la chifu mmoja upande wa Kabambare linatafuta karani wa mahakama. Tulipanda lori la mchele, Grégoire amekula wali mkavu tu na tangawizi, na dereva tulikuwa tumemweleza kabla ya kupanda. Alisimama mara tatu bila kunung'unika. Mara ya tatu alishuka naye pia akaenda upande wake wa kichaka.

Hakimu alikuwa mzee Abedi, Mbangubangu mfupi, mwenyeji wa huko, mwenye mguu wa kuvimba, aliyekaa na mguu ule juu ya kigoda kingine. Grégoire hakukaa alipokaribishwa. Alisema kwanza.

"Muzee, kabla hamujanipa kazi mujue kitu kimoja. Mimi niko na tumbo. Kuna siku nitatoka mara tano, katikati ya kesi, bila kuomba. Nitarudi, na kazi yangu itakwisha. Kama haiwafai, museme leo."

Mzee Abedi alimtazama, akanitazama mimi niliyekuwa mlangoni na Louise na mabunda yetu.

"Choo iko pale," alisema, akaonyesha kwa kidevu. "Ni karibu. Mimi mwenyewe nilisema waichimbe karibu, sababu ya huu muguu. Ukitoka, sisi tutangoja. Kesi ya mashamba ilianza wakati wa babu yangu, haitakimbia kwa sababu karani amekwenda chooni."

Grégoire alikaa. Akaomba karatasi na wino, na kabla ya jua kufika katikati alikuwa ameandika majina ya wadai wote wa siku ile, bila kuvuruga hata moja.